Rejesta, Stakabadhi na Saa ya Mahakama

Katika nchi za kidemokrasia za Ulaya, uhuru wa watu kujumuika na kusema kwa pamoja hauondolewi kwa kishindo. Ni nadra kusikia kwamba viongozi wa chama wamechukuliwa usiku wa manane au kwamba ofisi yao imetiwa kufuli na askari. Kinachotokea mara nyingi zaidi ni kwamba fomu mpya imetungwa, rejesta mpya imefunguliwa, kifungu cha sheria ya kodi kimepewa tafsiri ambayo jana hakikuwa nayo, na shirika ambalo miaka yote lilikuwa likitoa msaada wa kisheria au kupima uchafu wa mito linajikuta likijibu barua za wakaguzi kuanzia Januari hadi Desemba. Kwa hiyo anayetaka kuelewa jinsi asasi hizo zinavyolindwa, au zinavyoachwa bila ulinzi, hana budi kuzisoma sheria za makaratasi kwa makini yaleyale ambayo kwa kawaida huelekezwa kwenye habari za maandamano na mabomu ya machozi.

Asasi za kiraia, kwa maana inayotumika hapa, ni vyama, jumuiya, wakfu na mitandao ambayo watu huiunda kwa hiari yao nje ya serikali na nje ya biashara, iwe ni kutetea haki za wafungwa, kuhifadhi ndege au kuwasomesha watoto wa wahamiaji. Nafasi ya kiraia nayo ni jumla ya masharti ya kisheria, kifedha na kisiasa yanayowawezesha watu hao kukutana, kuchangisha fedha, kupata taarifa, kukosoa na kwenda mahakamani bila kuogopa kuadhibiwa kwa kufanya hivyo. Shirika la CIVICUS, lenye makao yake Johannesburg, huzipanga nchi za dunia katika madaraja matano kwa kipimo hicho, kuanzia zile ambazo nafasi yake iko wazi hadi zile ambako imefungwa kabisa, na Machi 2023 liliishusha Uingereza hadi daraja la tatu, hasa kwa sababu ya sheria mpya za maandamano. Nchi inayojivunia bunge kongwe kuliko mengi ilijikuta ikitajwa kwenye orodha moja na nchi ambazo wanadiplomasia wake walizoea kuzipa mawaidha.

Msingi wa kisheria upo, tena umeandikwa mara mbili. Baraza la Ulaya, lililoanzishwa mwaka 1949 na ambalo halipaswi kuchanganywa na Umoja wa Ulaya, lina Mkataba wa Haki za Binadamu wa mwaka 1950, ambao kifungu chake cha 11 kinalinda uhuru wa kukusanyika na kujumuika na husimamiwa na mahakama iliyoko Strasbourg. Umoja wa Ulaya, wenye nchi wanachama 27, una Hati ya Haki za Msingi iliyopata nguvu sawa na mikataba yake Desemba 2009, na kifungu chake cha 12 kinasema takriban jambo lilelile, ingawa mahakama yake iko Luxembourg na hufikiwa kwa njia nyingine kabisa. Kwa vifungu hivyo, serikali inayotaka kuweka mpaka juu ya uhuru huo inapaswa kuonyesha kwamba mpaka umo ndani ya sheria, una lengo halali, na haukuzidi kiasi kinachohitajika katika jamii ya kidemokrasia. Maneno hayo yakisomwa darasani yanatosha. Mashaka huanza pale mtu anapouliza ni nani anayewajibika kuyatumia, na kwa haraka gani.

Mfano bora wa jinsi uhuru huo unavyoweza kusimama juu ya karatasi moja unatoka Ufaransa. Sheria ya tarehe 1 Julai 1901 inawaruhusu watu wawili au zaidi kuunda chama bila idhini ya yeyote, na wakitaka chama hicho kiwe na utu wa kisheria, yaani kiweze kufungua akaunti, kupanga ofisi, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, wanapeleka taarifa serikalini na kukabidhiwa stakabadhi. Mwaka 1970 mwandishi Simone de Beauvoir na wenzake waliunda chama kilichoitwa Les Amis de la Cause du peuple, cha kulitetea gazeti la mrengo mkali wa kushoto ambalo serikali ilikuwa ikiliandama, na mkuu wa polisi wa Paris akakataa kutoa stakabadhi. Januari 1971 mahakama ya utawala ya Paris ilitengua ukataaji huo, kwa kuwa afisa anayepokea taarifa kazi yake ni kuipokea. Serikali, badala ya kukubali yaishe, ikapeleka bungeni muswada wa kubadili sheria yenyewe, ili stakabadhi iweze kucheleweshwa hadi mahakama ichunguze kama chama kinachozaliwa kina nia haramu. Rais wa Seneti, Alain Poher, aliufikisha muswada huo mbele ya Baraza la Katiba, na tarehe 16 Julai 1971 Baraza likaamua kwamba uhuru wa kujumuika una hadhi ya kikatiba na kwamba kuzaliwa kwa chama hakuwezi kusubiri ruhusa ya mamlaka ya utawala wala hata ya hakimu.

Uamuzi huo, ambao wanasheria wa Ufaransa huuhesabu kuwa chanzo cha ulinzi wa haki kupitia katiba nchini mwao, una wazo moja lenye uzito kuliko mengine: dola inaweza kumwadhibu aliyetenda kosa, lakini haiwezi kumtaka raia athibitishe usafi wa nia yake kabla hajaanza. Wazo hilo linaonekana jepesi hadi linapolinganishwa na mahali lisipofuatwa. Huko kaskazini-mashariki mwa Ugiriki, vijana wa jamii ndogo ya Waislamu wa mkoa wa Evros waliunda chama chao katika miaka ya 1990, na mahakama za nchi zikakataa kukisajili kwa sababu ya jina lake na kwa kukihofia malengo yake, ingawa hakikuwa kimefanya lolote. Mahakama ya Strasbourg iliamua mwaka 2007, katika kesi iitwayo Bekir-Ousta na wenzake, kwamba Ugiriki ilivunja kifungu cha 11. Miaka zaidi ya kumi baadaye Kamati ya Mawaziri ya Baraza la Ulaya, ambayo kazi yake ni kufuatilia utekelezaji wa hukumu, ilikuwa bado ikiwakumbusha wakubwa wa Athens kwamba chama hicho hakijasajiliwa. Waombaji walioshinda kesi wakiwa vijana waliendelea kuzeeka bila kupata cheti.

Fedha za kutoka nje

Hungaria ndiyo nchi iliyokwenda mbali zaidi ndani ya Umoja wa Ulaya, na historia yake inastahili kusimuliwa hatua kwa hatua kwa sababu kila hatua ilikuwa na sura ya usimamizi wa kawaida. Tarehe 8 Septemba 2014 polisi waliingia katika ofisi za wakfu wa Ökotárs mjini Budapest na kuchukua nyaraka na data za kompyuta. Wakfu huo ndio uliokuwa ukigawa kwa asasi ndogondogo fedha zinazotolewa na Norway pamoja na Iceland na Liechtenstein, nchi tatu zisizo wanachama wa Umoja lakini zinazochangia maendeleo ya wanachama wenye kipato kidogo kama sehemu ya makubaliano ya soko la pamoja. Mwaka uliofuata mahakama ilisema upekuzi ule haukuwa halali, na uchunguzi ukafungwa bila mtu yeyote kushtakiwa. Mvutano, hata hivyo, haukuisha. Norway ilishikilia kwamba fungu la asasi lazima lisimamiwe na chombo kisichotegemea serikali, serikali ya Viktor Orbán haikukubali, na muda wa makubaliano ulipokwisha Julai 2021 Hungaria ikapoteza mgawo wake wote wa kipindi hicho, takriban euro milioni 214. Serikali inayoacha fedha za kiasi hicho zipotee ili tu sehemu ndogo isifike kwa asasi bila kupitia mikononi mwake inakuwa imeeleza sera yake waziwazi kuliko hotuba yoyote.

Katikati ya mvutano huo, Juni 2017, bunge lilipitisha sheria iliyoyataka mashirika yanayopokea zaidi ya forinti milioni 7.2 kwa mwaka kutoka nje ya nchi yajiandikishe katika rejesta maalumu, yajitambulishe kwenye tovuti na machapisho yao kuwa ni mashirika yanayofadhiliwa kutoka nje, na yataje wafadhili waliotoa kuanzia forinti 500,000. Wenye kuikumbuka sheria ya Urusi ya mwaka 2012 kuhusu mawakala wa kigeni waliona undugu wake mara moja, ingawa ile ya Budapest ilikuwa na lugha ya upole zaidi. Kamisheni ya Ulaya, ambayo ni chombo cha utendaji cha Umoja, iliishtaki Hungaria Luxembourg, na tarehe 18 Juni 2020 mahakama ikaamua kwamba sheria hiyo inavunja uhuru wa mtaji kuvuka mipaka, haki ya faragha na ulinzi wa taarifa binafsi za wafadhili, pamoja na uhuru wa kujumuika. Mpangilio huo wa hoja una kejeli yake: mchango wa euro hamsini kutoka kwa mtu aliyeko Berlin kwenda kwa watetezi wa wakimbizi Budapest ulipata kinga kwanza kwa kanuni iliyotungwa kwa ajili ya mabenki na wawekezaji, na baada ya hapo ndipo haki za binadamu zikaitwa kuunga mkono.

Miaka mitatu ilipita kati ya sheria na hukumu, na muda wote huo sheria ilikuwa inatumika. Ilifutwa mwaka 2021, lakini siku ileile ya kuifuta bunge lilitunga nyingine inayoipa ofisi ya taifa ya ukaguzi wa hesabu jukumu la kuandaa ripoti za kila mwaka juu ya asasi ambazo mizania yake inafikia forinti milioni 20. Desemba 2023 ikaja sheria ya ulinzi wa uhuru wa taifa, iliyounda ofisi iliyoanza kazi Februari 2024 ikiwa na mamlaka ya kumchunguza mtu au shirika lolote linaloshukiwa kuhudumia maslahi ya nje. Miongoni mwa walioanza kuchunguzwa walikuwa tawi la Hungaria la Transparency International na chombo cha habari za uchunguzi cha Átlátszó. Ofisi hiyo haitozi faini. Inaandika ripoti tu, na anayeandikwa hana mahali pa kukata rufaa, jambo ambalo kwa shirika linaloishi kwa imani ya wachangiaji linaweza kuuma kuliko faini. Kamisheni ilikwenda tena Luxembourg mwaka 2024. Mei 2025 ukaletwa muswada ambao ungeruhusu mashirika yaorodheshwe, yanyimwe asilimia 1 ya kodi ya mapato ambayo kila mlipakodi wa Hungaria ana haki ya kuielekeza kwenye asasi aipendayo, na yatozwe faini ya mara 25 ya fedha zilizopokewa bila kibali. Baada ya maandamano makubwa, upigaji kura wake uliahirishwa.

Kisa cha Chuo Kikuu cha Ulaya ya Kati kinaonyesha gharama ya kuchelewa kwa haki pengine kuliko vyote. Aprili 2017 sheria ya elimu ya juu ilibadilishwa kwa namna ambayo chuo hicho kilichoanzishwa na George Soros mjini Budapest hakingeweza kuendelea kutoa shahada zake za Marekani. Mahakama ya Luxembourg iliikataa hoja ya serikali tarehe 6 Oktoba 2020. Kufikia siku hiyo chuo kilikuwa kimeshahamishia masomo yake Vienna, wanafunzi wamepanga vyumba huko, walimu wamehamisha watoto wao shule. Serikali ilishindwa kesi na ikapata ilichokitaka.

Haifai, hata hivyo, kuichukulia hoja ya uwazi, ambayo ndiyo hutolewa kutetea sheria kama hizo, kama kisingizio kitupu. Desemba 2022 polisi wa Ubelgiji waliwakamata watu kadhaa kwa tuhuma za rushwa ndani ya Bunge la Ulaya zilizohusishwa na Qatar na Morocco, na mmoja wao alikuwa mbunge wa zamani aliyeendesha shirika lenye jina la heshima la Fight Impunity, la kupambana na ukwepaji wa adhabu. Ripoti ya Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya ya Aprili 2025 nayo ilieleza kwamba mashirika yasiyo ya kiserikali yalipewa euro bilioni 7.4 kwa ajili ya sera za ndani za Umoja kati ya 2021 na 2023, na kwamba taarifa za nani alipata nini zilitawanyika huku na huko bila kuaminika vya kutosha. Asasi zinazodai serikali ziweke hesabu zao hadharani haziwezi kulalamika zikitakiwa kufanya vivyo hivyo. Tofauti iko kwenye muundo wa sheria: uwazi wa kweli humhusu kila anayeshawishi maamuzi ya umma, zikiwemo kampuni na vyama vya waajiri, hueleza matumizi ya fedha badala ya kumbandika mpokeaji lebo ya ugeni, na humwacha mchangiaji mdogo na faragha yake. Wakati wa mjadala wa mwaka 2025 kuhusu LIFE, programu ya mazingira ya Umoja, kelele kubwa zilielekezwa kwenye ruzuku za uendeshaji zisizozidi kiasi cha euro milioni 15 na ushei kwa mwaka zinazogawanywa kwa mashirika mengi, ilhali jeshi la washawishi wa viwanda lililoko Brussels halikuguswa sana.

Kodi na ruzuku

Ujerumani haijaunda rejesta ya mashirika ya kigeni, wala haikuhitaji. Huko shirika linalotambuliwa kuwa la manufaa ya umma husamehewa kodi na wachangiaji wake hupunguziwa zao, na malengo yanayokubalika yameorodheshwa katika kifungu cha 52 cha sheria ya taratibu za kodi, kuanzia michezo na ufugaji wa wanyama hadi utunzaji wa bustani ndogo za mijini. Mtandao wa Attac, unaopigania kodi za miamala ya fedha na udhibiti wa masoko, ulinyang'anywa hadhi hiyo na ofisi ya kodi ya Frankfurt mwaka 2014, na Januari 2019 mahakama ya juu ya kodi ikaamua kwamba kujaribu kubadili sera na maoni ya umma hakumo ndani ya elimu ya kisiasa ambayo kifungu kinairuhusu. Shirika la kampeni la Campact lilipoteza hadhi yake mwaka huohuo. Orodha ilipanuliwa mwishoni mwa 2020, ulinzi wa tabianchi ukaingizwa, lakini haki za binadamu hazikutajwa kuwa lengo linalojitegemea. Hakuna aliyepigwa marufuku. Kilichosambaa ni tahadhari, na vyama vya vijijini vilivyokuwa tayari kutia saini tamko dhidi ya ubaguzi vilianza kumuuliza kwanza mhasibu. Februari 2025, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, chama cha kihafidhina kilichoshinda kiliipelekea serikali iliyokuwa ikiondoka maswali 551 kuhusu kutoegemea upande kwa mashirika yanayopata fedha za umma, likiwemo kundi la wanawake wazee liitwalo Omas gegen Rechts, mabibi wanaopinga mrengo wa kulia. Kuuliza ni haki ya wabunge. Idadi ya maswali na majina yaliyochaguliwa ndiyo yaliyobeba ujumbe.

Ufaransa, mama wa uamuzi wa 1971, imechukua njia ya ruzuku na ya kuvunja vyama. Sheria ya tarehe 24 Agosti 2021, iliyotungwa baada ya mauaji ya kigaidi ya mwalimu Samuel Paty, inalitaka kila shirika linaloomba fedha za umma litie saini ahadi ya kuheshimu kanuni za Jamhuri, na likivunja ahadi hiyo lirudishe fedha. Lengo lililotangazwa lilikuwa siasa kali za kidini. Mmoja wa waliokumbwa mapema ulikuwa mtandao wa mazingira wa Alternatiba mjini Poitiers, ambao Septemba 2022 uliandaa tamasha lenye warsha kuhusu uasi wa kiraia usio wa vurugu, na mwakilishi wa serikali mkoani akaitaka manispaa ichukue tena ruzuku ya jumla ya euro 15,000. Manispaa ilikataa, shauri likafika mbele ya mahakama ya utawala, na Novemba 2023 mwakilishi akashindwa, kwa sababu kujadili uasi wa kiraia si sawa na kuwachochea watu kufanya fujo. Ushindi huo uliwezekana kwa kuwa meya alikuwa na uti wa mgongo. Katika miji mingine ruzuku huweza kukatwa kimyakimya mwaka unaofuata bila barua yoyote ya kupelekwa mahakamani.

Kuhusu kuvunja vyama, yapo matukio mawili yanayofaa kuwekwa bega kwa bega. Desemba 2020 serikali iliivunja kwa amri ya baraza la mawaziri CCIF, jumuiya iliyokuwa ikiwapa Waislamu msaada wa kisheria dhidi ya ubaguzi, na Conseil d'État, ambayo ndiyo mahakama ya juu kabisa ya masuala ya utawala, iliibariki amri hiyo Septemba 2021; viongozi wake walishaendeleza shughuli zao Ubelgiji. Juni 2023 amri kama hiyo ilitolewa dhidi ya Les Soulèvements de la Terre, vuguvugu la mazingira lililohusishwa na mapambano makali ya Sainte-Soline juu ya mabwawa ya umwagiliaji, ambako Machi ya mwaka huo polisi na waandamanaji wengi walijeruhiwa. Safari hii majaji waliisimamisha amri tarehe 11 Agosti, wiki saba tu baada ya kutolewa, na kuifuta kabisa tarehe 9 Novemba, wakisema kwamba uchochezi wa kuharibu mali ulikuwepo lakini kulivunja vuguvugu zima kulizidi kipimo. Siku hiyohiyo walithibitisha kuvunjwa kwa makundi mengine matatu. Mtu anaweza kubishana kama mizani ya majaji inawapima watu wote sawasawa, na Waislamu wengi wa Ufaransa wanaona haiwapimi hivyo. Jambo la kiutaratibu, hata hivyo, liko wazi: amri ya kusimamisha, ile ambayo wanasheria huiita zuio la muda, ililiokoa vuguvugu likiwa bado hai, jambo ambalo hukumu ya Luxembourg ilishindwa kulifanya kwa chuo cha Budapest.

Barabarani na baharini mambo ni ya wazi zaidi, kwa hiyo hayahitaji maelezo marefu. Uingereza ilitunga sheria za utulivu wa umma mwaka 2022 na 2023, kisha waziri wa mambo ya ndani akatumia kanuni ndogo kushusha maana ya usumbufu mkubwa hadi usumbufu wowote unaozidi ule mdogo, hatua ambayo Bunge lilikuwa limeikataa. Shirika la Liberty lilimshtaki na kushinda Mei 2024, na tena kwenye rufaa Mei 2025. Italia, kwa amri ya Januari 2023, inazitaka meli za uokoaji zielekee bila kuchelewa kwenye bandari zitakazopangiwa, ambazo mara nyingi ni za mbali kaskazini kama Ancona au Ravenna. Médecins Sans Frontières ilisitisha shughuli za meli yake ya Geo Barents Desemba 2024 ikizilaumu kanuni hizo. Hakuna kifungu kilichosema kuokoa watu ni kosa. Mafuta ya meli na siku za safari ndivyo vilivyofanya kazi ya kuzuia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki haya si mambo ya mbali, na sababu moja inapita ardhini. Bomba la mafuta ghafi linalojengwa kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, lina mbia mkuu aliyesajiliwa Ufaransa, kampuni ya TotalEnergies. Sheria ya Ufaransa ya Machi 2017 kuhusu wajibu wa uangalizi inazitaka kampuni kubwa zizuie madhara yanayosababishwa na shughuli zao popote duniani, na kwa kutumia sheria hiyo mashirika ya Les Amis de la Terre na Survie, pamoja na mashirika ya Uganda, yaliishtaki kampuni hiyo mwaka 2019. Hakimu wa Paris aliyakataa maombi yao Februari 2023 kwa sababu za kiutaratibu, na Juni mwaka huo kesi mpya ya fidia ikafunguliwa pamoja na wananchi 26 wa Uganda. Kampuni inakanusha madai. Bila ya chama cha Paris chenye akaunti, wanachama na haki ya kusimama mahakamani kwa jina lake, mkulima wa Buliisa, Uganda, anayelalamikia fidia ya shamba lake asingekuwa na njia ya kufika mbele ya hakimu huyo hata kwa kuchelewa.

Kesi zenyewe, kwa upande mwingine, zinaweza kugeuzwa kuwa silaha. Mwandishi wa habari wa Malta, Daphne Caruana Galizia, alipouawa kwa bomu la gari tarehe 16 Oktoba 2017, alikuwa anakabiliwa na zaidi ya kesi 40 za kashfa, na Februari ya mwaka huo mahakama ilikuwa imezuia akaunti zake za benki kutokana na kesi za waziri mmoja na msaidizi wake. Baada ya mazishi, warithi wake walikuta wamerithi pia kesi. Mashtaka ya aina hiyo, ya kunyamazisha, hayategemei kushinda. Hutegemea kumchosha mshtakiwa kwa gharama za mawakili na miaka ya kwenda na kurudi, na wanaoshtakiwa ni waandishi, wanaharakati wa mazingira na vyama vidogo ambavyo bajeti yao ya mwaka haitoshi kumlipa wakili kwa mwezi mmoja.

Umoja wa Ulaya ulijibu kwa maelekezo ya tarehe 11 Aprili 2024, aina ya sheria ambayo kila nchi mwanachama hulazimika kuiingiza katika sheria zake, safari hii kufikia tarehe 7 Mei 2026. Yanampa hakimu uwezo wa kuitupa mapema kesi isiyo na msingi, kumtaka mlalamikaji aweke dhamana ya gharama, na kumtoza gharama hizo na adhabu akibainika kuwa nia yake ilikuwa kunyamazisha. Hapa, kwa mara ya kwanza, saa ya mahakama imewekwa upande wa anayeshtakiwa, na kwa kipimo hicho sheria hii moja ina nguvu kuliko mkakati wa asasi za kiraia ambao Kamisheni iliutangaza Novemba 2025, wenye jukwaa la majadiliano na ahadi za fedha lakini usiomfunga waziri wa nchi yoyote. Mipaka yake nayo ni mikubwa. Umoja hauna mamlaka juu ya mashauri ya ndani, hivyo maelekezo yanahusu kesi za madai zinazovuka mpaka tu, yakiacha nje zile za jinai na zile ambazo mlalamikaji, mshtakiwa na tukio lenyewe vyote vimo ndani ya nchi moja. Waziri wa Valletta anayemshtaki mwandishi wa Valletta kwa makala kuhusu mambo ya Valletta hataguswa, isipokuwa bunge la Malta, ambalo yeye mwenyewe huenda ni mjumbe wake, likubali kupanua ulinzi huo kwa hiari.